Mkoba wa mteguko: bendeji, barafu, jeli, mashine na mpira, kila kimoja kwa siku yake

Mtu akiteguka kifundo cha mguu, au msuli wa paja ukimvutika, hujikuta mbele ya vitu vya kila aina: bendeji, pakiti za barafu, jeli za kupaka, tepu za rangi, vimashine vya umeme, mashine za masaji, mipira ya mazoezi (kanda za mpira za kuvuta, si mipira ya duara). Vyote vinauzwa kwa neno lile lile, kwamba vinaharakisha kupona. Hapa tunavipanga kwa kazi vinayofanya kweli. Kama mkoba ungebeba kitu kimoja tu, tungeweka mpira wa mazoezi. Ukibeba viwili, mpira na bendeji ya kuvutika. Mashine ya ultrasaundi ya nyumbani, ile ya mawimbi ya sauti, tungeiacha dukani.

Kipimo chetu ni hiki: hakuna kifaa kinachounga nyama. Mwili unajiunga wenyewe kwa ratiba yake, na kifaa kizuri ni kile kinachoupa unachohitaji siku ile, kisha kinakaa pembeni. Kwa hiyo lazima tuanze na ratiba yenyewe.

Mwili unavyojiunga

Dakika za mwanzo mishipa ya damu iliyokatika hujibana, na chembe sahani hushikana kuziba matundu. Ndani ya saa chache seli nyeupe zinaanza kumiminika. Za kwanza ni neutrofili, zinazokula vijidudu na mabaki. Kuanzia siku ya pili makrofaji zinachukua zamu. Hizi ndizo mafundi wakuu. Zinaondoa nyuzi zilizokatika, halafu zinatoa kemikali za kuziita seli za ujenzi. Uvimbe, joto na wekundu wa siku tatu nne za mwanzo ni dalili kwamba kazi hiyo inaendelea. Uvimbe ukizidi unauma, unabana na unaifanya misuli ya jirani ilegee, kwa hiyo kuupunguza ni jambo jema. Kutaka kuufuta kabisa ni kumfukuza fundi kabla hajashusha vifaa.

Kati ya siku ya tatu na wiki ya tatu, fibroblasti, zile seli za ujenzi, humwaga kolajeni mpya, protini ya nyuzi inayoshikilia nyama. Hii ya kwanza, aina ya III, ni nyembamba na dhaifu, tena imelala ovyo kama miyaa iliyotawanywa sakafuni kabla ya kusukwa ukili. Kuanzia wiki ya tatu hivi, na kwa muda wa miezi hadi mwaka au zaidi, nafasi yake inachukuliwa na kolajeni ya aina ya I, nene na imara, na nyuzi zake hujipanga kufuata upande zinakovutwa. Kovu lisilovutwa hubaki fundo lisilo na mwelekeo. Likivutwa kwa kiasi, ukili unasukwa. Hata hivyo halirudi kuwa kama zamani. Ngozi iliyokatwa ikaunga hufikia takriban asilimia 80 ya nguvu yake ya mwanzo baada ya miezi mitatu hivi, na haipandi zaidi ya hapo.

Nyama nazo hazifanani. Msuli una damu nyingi, na mvutiko mdogo hupona ndani ya wiki 1 hadi 3. Ligamenti, ukanda unaoshika mfupa kwa mfupa, huhitaji wiki 6 hadi miezi kadhaa. Kano, inayoshika msuli kwenye mfupa, ina damu kidogo na hudai wiki 12 na kuendelea. Gegedu la ndani ya kiungo halina mishipa ya damu kabisa, ndiyo maana likiharibika halijiungi vizuri. Mfupa una bahati yake: hujiunga kwa mfupa halisi, si kwa kovu. Katika mazungumzo ya kawaida ligamenti na kano zote huitwa mishipa, lakini kwenye kuchagua kifaa tofauti hii ina uzito mkubwa.

Kabla ya kufungua mkoba

Mvunjiko hujificha ndani ya uvimbe wa mteguko, na hapo kila kifaa tutakachokitaja ni hatari. Tangu 1992 madaktari wana kipimo kilichoanzia Ottawa, Kanada, cha kujua kifundo kipi kinahitaji eksirei. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, upande wa nje na wa ndani, kuanzia ncha ya chini hadi sentimita 6 kwenda juu. Bonyeza kinundu kilicho katikati ya ukingo wa nje wa mguu, pale mfupa wa kidole kidogo unapoanzia. Bonyeza na mfupa uliochomoza upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo. Kisha jaribu kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea. Mfupa ukiuma unapobonyezwa sehemu yoyote kati ya hizo, au hatua nne zikishindikana, upigwe picha kwanza. Kipimo hiki hakimfai aliyelewa wala mwenye ganzi miguuni, kwa mfano kutokana na kisukari cha muda mrefu.

Jambo la pili la kutazama ni kano ya kisigino. Aliyesikia mlio au kuhisi kama amepigwa nyuma ya mguu, kisha hawezi kusimama kwa ncha ya vidole vya mguu ule, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Pakiti ya barafu: ya kutuliza maumivu, basi

Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin alieneza kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vinachelewesha kupona. Hoja inaeleweka ukikumbuka makrofaji: baridi hubana mishipa ya damu na kupunguza wanaoingia kazini. Barafu hutuliza maumivu vizuri sana. Kwamba hufupisha siku za kupona, hilo halijathibitishwa. Kwa hiyo itumike saa 48 hadi 72 za kwanza, na kwa ajili ya maumivu.

Kati ya pakiti ya jeli ya bluu na mfuko wa barafu iliyopondwa, tunachagua mfuko. Jeli ikitoka kwenye friza iko karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na inabaki laini bila kuonyesha ukali wake. Ikigusa ngozi moja kwa moja inaweza kuiunguza. Barafu inayoyeyuka hubaki kwenye sifuri muda wote inapoyeyuka, hunyonya joto jingi, na hujikunja kufuata umbo la kifundo. Weka barafu kwenye mfuko wa plastiki, mimina maji kidogo, toa hewa, funga, halafu uzungushie taulo jembamba lililolowa. Taulo kavu na nene huzuia baridi isipite. Weka dakika 10, toa dakika 10, rudisha dakika 10. Rudia baada ya saa mbili ukihitaji.

Mambo huharibika pale mtu anapolala usingizi na pakiti mwilini, au anapoifunga kwa bendeji iliyokazwa. Upande wa nje wa goti, chini kidogo, neva inayonyanyua mguu hupita juu ya mfupa na kufunikwa na ngozi tu; ndani ya kiwiko ni vivyo hivyo. Baridi ya muda mrefu mahali hapo inaweza kuidhuru neva, mguu ukawa unaburuta. Mwenye ganzi, au ambaye vidole vyake hugeuka vyeupe kwenye baridi, asitumie kabisa.

Bendeji ya kuvutika: rahisi, na wengi huifunga vibaya

Kosa la kwanza ni upana. Kifundo cha mkono hutaka sentimita 5, kifundo cha mguu 7.5, goti 10, paja 15. Nyembamba mno hukata kama kamba; pana mno hufanya mikunjo, na mkunjo mmoja tu chini ya kiatu unatosha kuleta lengelenge. Chagua ya pamba iliyofumwa na nyuzi za mpira. Ikilegea ifue kwa maji ya vuguvugu, ikunjue kivulini ikiwa imelala, usiipige pasi. Mvuto wake hurudi. Vibanio vidogo vya chuma vinavyokuja nayo hudondoka na kuchoma, hivyo malizia kwa kipande cha plasta.

Kuna nyongeza ambayo wataalamu wa fiziotherapia huipenda na pakiti haiitaji. Chukua sponji nene ya sentimita moja, ikate umbo la herufi U, uiweke kuuzunguka mfupa wa nje wa kifundo, mdomo wa U ukitazama juu. Uvimbe hujikusanya kwenye mabonde yanayozunguka mfupa ule, na bendeji peke yake hupita juu ya mabonde kama shuka juu ya shimo. Sponji inajaza shimo, ndipo mbano unafika panapohitajika.

Sasa kufunga. Keti, mguu ukiwa umekaa pembe mraba, vidole vikitazama juu. Anzia kwenye shina la vidole, uviache vyenyewe wazi, piga mizunguko miwili. Pandisha bendeji kwa mshazari juu ya mguu, izungushe nyuma ya kifundo, irudishe mbele kwa mshazari wa pili, ipitishe chini ya unyayo. Umechora nane. Rudia nane hiyo mara mbili tatu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, na usikiache kisigino wazi, maana ukikiacha uvimbe utakimbilia hapo. Malizia sentimita 8 hadi 10 juu ya kifundo. Mvuto uwe kama nusu ya uwezo wa bendeji, mkazo mkubwa zaidi uwe chini na upungue unavyopanda. Ukikaza juu kuliko chini umefunga mlango wa damu kurudi, na asubuhi vidole vitakuwa vimetuna.

Baada ya dakika kumi pima. Bana ukucha mpaka uwe mweupe, achia, na rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au vidole vikiwa vya baridi, vya bluu au vina ganzi, fungua ufunge upya. Kwa kawaida bendeji hutolewa usiku na kufungwa upya asubuhi. Inua mguu juu ya usawa wa moyo unapokaa, la sivyo umebana maji ambayo yanaendelea kushuka.

Kazi yake kuu inaisha siku ya tatu hadi ya tano. Haizuii kifundo kisipinduke, ingawa mvaaji anahisi amelindwa. Kwa kutembea na kurudi kazini, kishikizo cha kifundo cha kufunga kwa kamba, au chenye vipande vigumu vya plastiki pembeni, kinashika vizuri zaidi. Bendeji ina heshima yake, lakini kwenye jukumu hili imezidiwa.

Jeli na vidonge

Jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 ni moja ya vitu vichache vya kupaka vyenye ushahidi mzuri kwenye mteguko mpya. Inapunguza maumivu ndani ya siku chache, na ikitumika kwa kipimo chake, dawa inayoingia kwenye damu ni kama asilimia 6 tu ya ile ya vidonge, kwa hiyo tumbo na figo vinapata nafuu. Wengi wanaolalamika kwamba haifanyi kazi hupaka kidogo mno. Kipimo ni gramu 2 hadi 4, mara 3 au 4 kwa siku, kulingana na maelezo ya pakiti. Mstari wa jeli kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza ni kama nusu gramu. Gramu 2 ni mistari minne. Sugua taratibu, subiri ikauke, nawa mikono. Isipakwe kwenye ngozi iliyochubuka, isifunikwe kwa plastiki, na isitumiwe na mjamzito wa miezi ya mwisho wala mwenye pumu inayoamshwa na aspirini. Jeli ya ketoprofeni ni jamaa yake, lakini ngozi iliyopakwa ikipigwa jua inaweza kuvimba na kutoa malengelenge, hata siku kadhaa baada ya kuacha. Kwa anayefanya kazi nje tunapendelea diklofenaki.

Dawa za kuchua zenye mentholi, pilipili au methili salisilati ni kitu kingine. Joto unalolihisi liko kwenye neva za ngozi, si kwenye ligamenti. Hazifai siku za mwanzo, na zikichanganywa na pedi ya joto huunguza kweli. Anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwulize daktari kabla ya kuzipaka, kwani salisilati inaweza kuongeza nguvu ya dawa ile.

Kwa vidonge, parasetamoli inatosha kwa mteguko mwingi, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye ini lenye afya. Ibuprofeni na jamii yake hutuliza vizuri, ila zinagusa ile hatua ya uvimbe ambayo mwili unaihitaji, na sasa wataalamu wengi wanashauri zisikimbiliwe siku za mwanzo.

Tepu, TENS na masaji

Tepu ya rangi ilibuniwa na Kenzo Kase mwaka 1979. Ni pamba yenye gundi ya akriliki, na huvutika hadi asilimia 140 ya urefu wake. Haishiki kiungo na haiondoi uvimbe kwa kiasi cha kujivunia. Faida yake ni kupunguza maumivu kidogo na kumkumbusha mtu kiungo chake kilipo. Aipendaye aitumie, kwa kanuni zake: ngozi safi isiyo na mafuta, pembe za tepu zikatwe mviringo, sentimita 3 hadi 5 za kila mwisho zibandikwe bila kuvutwa, isuguliwe ili gundi ipate joto, na jasho lisubiri saa moja. Malengelenge mengi ya tepu hutokea kwenye ncha zake, kwa sababu mtu aliivuta hadi mwisho. Kuitoa, paka mafuta, kisha sukuma ngozi kutoka kwenye tepu badala ya kuvuta tepu kutoka kwenye ngozi.

Mashine ya TENS, kile kimashine cha umeme chenye pedi za kubandika kwenye ngozi, tunaiheshimu zaidi. Inafuata nadharia ya lango la maumivu ya Ronald Melzack na Patrick Wall ya 1965: neva za mguso zikichangamshwa, lango kwenye uti wa mgongo hufungwa na maumivu hupita kwa shida. Weka pedi mbili pande mbili za panapouma, angalau sentimita 3 kati yao, chagua masafa ya 80 hadi 120 hezi, pandisha nguvu mpaka usikie mtekenyo mkali usiouma, kaa dakika 30 hadi 60. Nguvu ndogo mno ndiyo sababu ya wengi kusema haisaidii. Pedi ikianza kubanduka pembeni, umeme wote hujazana kwenye sehemu iliyobaki na kuchoma kama sindano. Lainisha gundi kwa tone la maji, au badilisha pedi. Mwenye betri ya moyo asiiguse, isiwekwe mbele ya shingo, tumboni kwa mjamzito, wala penye ganzi. Haiponyi kitu. Inampa mtu nafasi ya kufanya mazoezi ambayo maumivu yangemzuia, na hiyo ni faida kubwa ikiwa ataitumia hivyo.

Mashine ya masaji ya kugonga ndiyo inayotupa wasiwasi. Kwenye msuli usioumia, uliochoka tu, dakika moja au mbili hulainisha na kuongeza unyumbufu kwa muda mfupi. Kwenye msuli uliogongwa na kuvia damu, hasa wa paja mbele, kugonga au kuchua siku za mwanzo kunaweza kuchochea mfupa kuota ndani ya msuli. Dalili yake ni uvimbe mgumu na goti linalozidi kukakamaa badala ya kulegea, wiki kadhaa baada ya ajali. Vivyo hivyo, kigimbi kilichovimba upande mmoja, chenye joto na maumivu, hasa baada ya kulala kitandani au safari ndefu, kisiguswe na mashine. Huenda damu imeganda kwenye vena. Mwenye hali hiyo anahitaji daktari leo. Unaponunua, usihangaike na idadi ya vichwa. Angalia urefu wa pigo, milimita 10 hadi 12 zinatosha, na kama injini haizimi ukiikandamiza.

Ultrasaundi na huduma za kliniki

Ultrasaundi ya tiba hutumia megahezi 1 kwa nyama za ndani na megahezi 3 kwa zilizo karibu na ngozi. Kwenye mteguko wa kifundo tafiti zilipolinganisha mashine iliyowashwa na iliyozimwa, tofauti ilikuwa ndogo au haikuwepo. Kwa mifupa, jaribio la 2016 la wagonjwa 501 waliovunjika muundi na kufanyiwa upasuaji halikuona kwamba ultrasaundi ya nguvu ndogo ya nyumbani iliwarudisha kazini mapema. Wakati wa kuhudumiwa na fiziotherapia ni mfupi. Dakika kumi za mashine hii ni dakika kumi zilizochukuliwa kutoka kwenye mazoezi.

Mawimbi ya mshtuko yana nafasi, lakini kwenye matatizo sugu: maumivu ya chini ya kisigino, au kano ya bega yenye chokaa. Kwa kawaida hutolewa vikao 3 hadi 5, wiki moja kati yake. Si ya mteguko mpya.

Sindano ya steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe, kwenye kano inahitaji tahadhari. Kwenye maumivu ya nje ya kiwiko hutoa nafuu nzuri wiki za mwanzo, lakini jaribio la wagonjwa 165 lililochapishwa 2013 lilionyesha kwamba baada ya mwaka, waliochomwa steroidi walikuwa na hali mbaya kuliko waliochomwa dawa bandia, na maumivu yaliwarudia zaidi. Plazima yenye chembe sahani nyingi inasikika vizuri, maana inaongeza wale wale wazibaji wa dakika za mwanzo. Kwenye kano ya kisigino, jaribio la 2010 halikuiona ikishinda maji ya chumvi.

Ngozi ikiwa imechubuka pia

Mteguko mwingi huja na mchubuko. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majeraha ya nguruwe, kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi mara mbili ya kasi ya kilichoachwa kikauke na kufanya gamba. Seli za ngozi hutambaa. Penye gamba kavu lazima zichimbe njia chini yake. Osha kwa maji safi yanayotiririka, ondoa mchanga wote, funika kwa plasta ya haidrokoloidi, inayonyonya majimaji na kutunza unyevu, au chachi yenye mafuta ya petroli. Peroksidi ya hidrojeni ya kila siku inaua na fibroblasti. Plasta ya haidrokoloidi itatuna na kuwa nyeupe katikati. Huo si usaha, iache mpaka ukingo uanze kuvuja. Wekundu unaotambaa, harufu mbaya au homa ni jambo jingine, na plasta itolewe.

Tukiwa kwenye ujenzi, malighafi nayo ina maana kuliko poda nyingi. Anayepona ajitahidi kupata takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, akigawa kwenye milo, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo ambaye atafuata ushauri wa daktari wake. Bila vitamini C mwili hauwezi kukaza nyuzi za kolajeni; mabaharia wa karne ya 18 waliougua kiseyeye walishuhudia makovu ya zamani yakifunguka upya. Sigara hubana mishipa ya damu na kuchelewesha kila hatua.

Mpira wa mazoezi

Tumeuacha mwisho kwa sababu kazi yake ndiyo ndefu. Chagua ukanda bapa wa mita 1.5 hadi 2. Rangi huonyesha ugumu, lakini kila mtengenezaji ana mpangilio wake, kwa hiyo usiamini rangi ya chapa nyingine. Ugumu sahihi ni ule unaokuchosha kwenye rudio la 12 hadi 15 bila kukuharibia mwendo. Mwenye mzio wa latexi, yaani mpira asilia, atafute isiyo na latexi.

Kukatika ndiko udhaifu wake. Kabla ya kila zoezi uvute kidogo mbele ya mwanga. Vitobo vidogo kama vya sindano, au weupe wa nyufa, ni mwisho wa mpira huo. Jua na jasho huuchakaza, fundo huukata. Ukiufunga mlangoni, simama upande ambao mvuto wako unazidi kuukaza mlango, si kuufungua. Usiuelekeze usoni.

Siku ya 2 hadi ya 4, kabla ya mpira, pandisha na shusha unyayo mara 15, kila baada ya saa chache. Mnamo siku ya 5 hadi ya 7, kama uvimbe unashuka, anza mpira kwa kusukuma unyayo chini, kisha kuuvuta juu. Zoezi lenye uzito kuliko yote ni la kusukuma nje, kwa sababu misuli ya upande wa nje wa muundi ndiyo inayozuia kifundo kisipinduke tena. Keti umenyosha mguu, zungusha mpira kwenye mbele ya mguu ulioumia, ukanyage ncha nyingine kwa mguu usioumia. Peleka unyayo nje kwa sekunde 2, urudishe kwa sekunde 4. Seti 3 za 15. Karibu kila mtu hudanganya hapa kwa kuzungusha paja zima. Weka kiganja juu ya goti, na goti likigeuka rudio hilo halihesabiki. Sekunde 4 za kurudi zisifupishwe, maana hapo msuli unafanya kazi huku unarefuka, na ukili ndio unasukwa.

Maumivu wakati wa zoezi yasizidi 3 kati ya 10, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakibaki juu, au kifundo kikivimba upya, punguza nusu ya marudio kwa siku mbili, usiache kabisa.

Kano sugu ya kisigino ina utaratibu wake, na hauhitaji mpira. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake nchini Uswidi waliupima kwa wakimbiaji 15: simama ukingoni mwa ngazi, panda kwa mguu usiouma, shuka taratibu kwa mguu unaouma, seti 3 za 15 goti likiwa limenyooka na 3 za 15 likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Ni mashusho 180 kila siku. Wanaoshindwa kumudu idadi hiyo wanaweza kufanya mazoezi mazito na ya polepole mara 3 kwa wiki. Jaribio la 2015 liliona matokeo yanayolingana.

Kutoka wiki ya pili, ongeza kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30, kisha macho yakiwa yamefumbwa, karibu na ukuta. Mteguko hukata pia vihisio vinavyoiambia akili kiungo kiko wapi, na mpira hauvirudishi. Kabla ya kukimbia, pandisha kisigino kwa mguu mmoja mara 20 na uhesabu kila upande. Tofauti ikizidi mara 2 au 3, bado. Kabla ya kucheza, ruka kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo na upime umbali: ulioumia ufikie asilimia 90 ya mzima. Na kwenye mchezo wa kugeuka ghafla, vaa kile kishikizo cha kamba kwa miezi 6 hadi mwaka, kwa sababu uwanja unaanza kukuita wiki ya sita, na kolajeni ya aina ya I bado inajipanga.